Mshale Ukiingia Bondeni: Kutuni Transmita ya Vali na Kupanga Nguvu Yake

Juu ya meza yangu ya kazi, katika chumba cha chini cha nyumba tunayoishi mjini Columbus, Ohio, ipo transmita ya Heathkit DX-60B, yaani mashine ya kurushia mawimbi ya redio inayotumia vali, zile taa za kioo zisizo na hewa ndani, niliyoinunua kwenye gulio la Hamvention, lile kusanyiko la wapenzi wa redio lililohamia Xenia mwaka 2017 baada ya kufanyika Dayton kwa miongo mingi. Ni mashine ya miaka ya 1960. Kampuni iliyoitengeneza, iliyokuwa na makao yake Benton Harbor, Michigan, ilikuwa ikiuza vipande ndani ya boksi pamoja na kitabu cha maelekezo, na mnunuzi mwenyewe ndiye aliyekaa mezani na chuma cha kulehemu hadi mashine ikamilike. Nilikulia Tanga, nyumbani kwa babu, ambako redio ya vali iliwashwa mapema kabla ya taarifa ya habari ili ipate moto, na huenda ndiyo sababu sikuweza kuipita mashine hii bila kuinunua, ingawa nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nakwenda kuangalia tu.

Nataka kueleza namna ya kuituni mashine ya aina hii, yaani kuilinganisha na masafa, na kuipangia nguvu, kwa sababu maelekezo ninayoyasikia mara nyingi huishia nusu ya njia. Mtu huambiwa azungushe nobu mpaka mshale wa mita uanguke, kisha aanze kutuma. Mshale kuanguka kunaonyesha tu kwamba mashine imekubaliana na masafa. Ni kiasi gani cha nguvu kinachokwenda kwenye antena, na ni kiasi gani kinachobaki ndani kuichoma vali, hayo ni maswali mengine yenye nobu yake nyingine.

Mpangilio wenyewe ni rahisi. Osileta yenye kipande cha fuwele huzalisha masafa, vali ya kati huyakuza, na vali moja ya mwisho, yenye jina la 6146, ndiyo inayobeba kazi ya kupeleka nguvu nje. Vali hiyo ina kathodi inayopashwa joto kwa volti 6.3 ili itoe elektroni, gridi ya kwanza inayopokea msukumo, yaani mawimbi kutoka vali ya kati, gridi ya pili iitwayo skrini, na anodi, bati linalozipokea elektroni hizo, ambayo waya wake hutokea kichwani juu ya kioo. Anodi ya 6146 ya asili imepangiwa kubeba joto la wati 20 katika kazi ya mfululizo na wati 25 katika kazi ya vipindi kama yetu ya redio ya ridhaa. Naomba msomaji aishike hiyo namba ya 25, maana karibu kila kosa nitakalolitaja linaishia hapo.

Baada ya anodi kuna koili moja ya waya na kapasita mbili za kuzungushwa, ambazo bati zake huingiliana na kuachana. Kapasita iliyo upande wa anodi ndiyo ya kutuni, na ile iliyo upande wa antena ndiyo ya mzigo. Kazi ya vitu hivi vitatu ni kuigeuza antena ya omu 50 ionekane mbele ya vali kama kinzani cha omu elfu mbili na ushee. Kwa volti 600 na miliampea 125, kanuni ya haraka ya kugawanya volteji kwa mara mbili ya mkondo inatoa omu 2,400. Vali ikiona omu nyingi kuliko hizo, tunasema mzigo wake ni mwepesi. Ikiona chache, umezidi uzito.

Kabla ya nobu yoyote kuguswa, kuna mambo ya uhai. Volti 600 zinazotosha kuisukuma 6146 zinatosha pia kumuua mtu, na kapasita za kuchuja umeme huweza kuzishikilia hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, hasa pale kinzani cha kuzimwagia umeme wake kinapokuwa kimekatika bila mtu kujua. Mimi huchomoa waya, husubiri, kisha hugusisha kapasita hizo kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma ya mashine, kwa fimbo kavu yenye ndoano ya chuma iliyofungwa kwenye waya wa ardhi, na baada ya hapo bado hupima kwa mita. Mkono wa kushoto hukaa mfukoni. Waya wa umeme wenye meno mawili niliubadilisha ukawa wa meno matatu ili chasisi ipate ardhi ya kweli, na kapasita za elektrolaiti nilizitoa zote, kwa kuwa sikuona sababu ya kuziamini baada ya nusu karne.

Volteji ya ukutani nayo si jambo dogo. Mashine nyingi za zama hizo zilipigiwa hesabu ya volti 117 hivi, ilhali nyumbani kwangu mita inasoma 124 nyakati za usiku. Tofauti hiyo, takriban asilimia 6, hupanda nayo kila kitu: volti 6.3 za kupashia kathodi zinakuwa 6.7, na volteji ya anodi inapanda kwa uwiano uleule. Vali huivumilia, lakini haina sababu ya kuivumilia kila siku, kwa hiyo nimeweka transifoma ndogo ya kupunguza volti chache njiani.

Binamu yangu aliyeko Tanga, ambaye ana leseni ya redio yenye alama ya mwito inayoanza na 5H ya Tanzania na amekuwa akiniomba nimpelekee mashine kama hii, aliniambia kwamba transifoma ya kushusha volti 230 hadi 117 inapatikana dukani na kwamba jambo limekwisha. Halijaisha. Transifoma ya kushusha haigusi marudio ya umeme: Marekani ni hezi 60 na kwetu ni hezi 50, na chuma cha transifoma kilichokatwa kwa hezi 60 hujaa sumaku mapema kikipewa 50. Ukitaka chuma hicho kifanye kazi kama kilivyokusudiwa, ungeshusha volteji kwa uwiano huohuo, yaani hadi 97.5, lakini hapo kathodi itapata volti 5.25 tu nayo itapoa kupita kiasi. Nilimshauri apitie katikati, kwenye volti 110, ambapo kathodi hupata 5.9, kiwango kilicho ndani ya asilimia 10 inayoruhusiwa, na sumaku ya chuma inazidi kwa asilimia 13 hivi. Transifoma itanguruma kidogo na kupata joto, kwa hiyo awe anaigusa kwa kiganja baada ya kila nusu saa katika siku za mwanzo.

Sasa turudi mezani. Mashine isituniwe kwenye antena halisi kwa mara ya kwanza. Ituniwe kwenye antena bandia, yaani kinzani cha omu 50 chenye uwezo wa kumeza wati zote na kuzigeuza joto, ili usiwasumbue watu hewani na ili ujue kwa hakika mashine inaangalia kitu gani. Naanza na msukumo. Mita ikiwa imewekwa kusoma mkondo wa gridi, nazungusha nobu ya vali ya kati mpaka mshale upande hadi kilele chake, kisha narekebisha kiasi mpaka usome miliampea 2.5 hivi. Mkondo huo mdogo una kazi mbili. Unathibitisha kwamba masafa yanafika kwenye gridi, na ukipita kwenye kinzani cha gridi huzalisha volteji hasi inayoifunga vali kwa sehemu kubwa ya kila mzunguko. Kinzani kikiwa cha omu elfu 27, miliampea 2.5 huzaa volti 67 hasi. Maana yake ni kwamba fuwele ikishindwa kuanza, au mtu akikanyaga kitufe cha Morse bila fuwele kuwepo, vali inayotegemea njia hii peke yake hubaki bila lijamu, na mkondo wa anodi hutoka mbio. Ndiyo maana waundaji wengi waliongeza njia ya pili ya kuizuia.

Baada ya hapo kapasita ya mzigo huwekwa ikiwa imefungwa kabisa, bati zake zote zikiwa zimeingiliana, kwa kuwa hapo ndipo mzigo unapokuwa mwepesi kuliko popote. Wageni wengi huanza kinyume wakidhani kufunga ni kuongeza. Kapasita ya kutuni nayo huwekwa ikiwa imefungwa. Kisha kitufe hubonyezwa na mkono wa kulia hauruhusiwi kufikiri: nobu ya kutuni izungushwe mara moja mpaka mshale wa mkondo wa anodi uzame bondeni, yaani usome chini kabisa. Kabla ya bonde hilo mshale unaweza kusoma miliampea 200, na volti 600 mara miliampea 200 ni wati 120, zote zikiishia kwenye anodi yenye ruhusa ya 25, maana hakuna kinachotoka. Sekunde chache za hali hiyo na bati la anodi linaanza kuwa jekundu kama mkaa unaopulizwa. Nikishindwa kulipata bonde ndani ya sekunde tano, naachia kitufe, naacha vali ipumue, na naanza tena.

Kwa nini mkondo unaanguka? Koili na kapasita zikilingana na masafa, vali hukutana na ukinzani mkubwa, na volteji ya anodi huanza kuyumba kwa nguvu, ikishuka karibu na sifuri hasa wakati gridi inapoiruhusu vali kupitisha mkondo. Elektroni zinafika kwenye anodi wakati volteji yake iko chini, kwa hiyo mkondo ni mdogo na joto ni dogo. Nje ya masafa, volteji hiyo husimama palepale kwenye 600 na kila elektroni hugonga anodi kwa nguvu zake zote.

Hapa nilifanya kosa ambalo bado linanichekesha. Siku ya kwanza niliichomeka fuwele ya megahezi 3.55, nikaiweka kapasita ya kutuni karibu na mwanzo wake ulio wazi badala ya kuifunga, nikabonyeza, nikalipata bonde zuri na mita ya wati ikaonyesha nguvu inatoka. Nilifurahi sana. Kisha nikaiwasha redio ya kupokelea iliyokuwa pembeni, na sauti niliyoisikia kwa nguvu ilikuwa kwenye megahezi 7.1. Nilikuwa nimelituni bonde la pili, lile la masafa mara mbili, na antena bandia ilimeza yote bila kulalamika, kwa sababu kinzani hakichagui masafa. Mzee mmoja wa chama chetu cha redio, ambaye alianza na transmita kama hii akiwa kijana wa shule, alinisikiliza hadi mwisho akasema tu kwamba bonde sahihi ni lile unalokutana nalo kwanza ukitokea upande uliofungwa. Tangu siku hiyo sijatuni bila kuthibitisha kwa redio ya pili.

Bonde la kwanza, mzigo ukiwa mwepesi, huwa na kina kirefu. Mshale unaweza kuzama hadi miliampea 50 na mtu akadhani mashine iko katika hali bora kabisa, kumbe hapo ndipo panapohitaji tahadhari ambayo mita ya mbele haionyeshi. Volteji ya anodi inapoyumba kupita kiasi na kushuka chini ya volteji ya skrini, elektroni huikimbilia skrini, ambayo kwenye 6146 imepangiwa joto la wati 3 tu. Waya mwembamba wa skrini unaweza kuchomeka wakati mshale wa anodi umetulia kwa upole. Laiti ningekuwa na uwezo wa kuongeza mita moja tu kwenye transmita zote za zamani, ningeiweka kwenye skrini. Mkondo wa skrini ukiwa juu sana, ongeza mzigo. Ukiwa chini sana, umeupitiliza.

Basi nobu ya mzigo hufunguliwa kidogo, mkondo unapanda, na papo hapo nobu ya kutuni inarudishwa bondeni, kwani kila mguso wa mzigo husogeza bonde. Unafungua tena, unarudi tena bondeni, na kila mara bonde linakuwa na kina kifupi zaidi huku sakafu yake ikipanda: 70, 90, 110. Mzigo ukitimia, bonde hubaki kuwa mbonyeo mdogo tu, kama sehemu ya kumi ya mkondo wote, na mtu aliyezoea kutafuta mzamo mkubwa hudhani ameharibu. Ukiendelea kufungua baada ya hapo, mkondo utazidi kupanda lakini mita ya wati haitapanda nao. Nyongeza hiyo yote ni joto, na hapo ndipo ninaporudi nyuma hatua moja.

Mimi husimama kwenye miliampea 125, na namba hiyo ina historia. Marekani ilipoanzisha leseni ya wanaoanza mwaka 1951, iliwawekea mpaka wa wati 75 za kuingia kwenye vali ya mwisho, na mpaka huo ulibaki hadi 1976. Nguvu ilihesabiwa kwa kuzidisha volteji ya anodi kwa mkondo wake, kwa kuwa mita hizo mbili kila mtu alikuwa nazo, na kwa volti 600 hesabu inatoa miliampea 125 kamili. Vitabu vya zamani vikisema transmita ni ya wati 75 au 90 vinazungumzia nguvu hiyo ya kuingia, na mtu aliyezoea sheria za leo zinazopima kinachotoka hudhani mashine yake imechoka anapoona wati 50 kwenye mita. Haijachoka. Wati 50 kati ya 75 ni theluthi mbili, na wati 25 zinazobaki ndizo zilezile ambazo anodi imeruhusiwa. Kusukuma hadi 90 ili upate wati 10 za ziada hakutamsaidia msikilizaji: ongezeko hilo halifiki hata desibeli moja katika kipimo cha ukubwa wa sauti, na sikio haliwezi kulitambua.

Kuna jambo la mita linalowapotosha watu waangalifu. Katika transmita nyingi mkondo haupimwi kwenye anodi, hupimwa kwenye kathodi, ambako mikondo ya anodi, skrini na gridi hupita pamoja. Ikiwa skrini inachukua miliampea 12 na gridi 3, basi 140 kwenye mita ni 125 za anodi. Angalia mchoro wa mashine yako kabla ya kuamini namba yoyote, ikiwemo hizi zangu.

Ukitaka kupunguza nguvu, kwa mfano kwa mazungumzo ya jirani, usiitoe mashine nje ya bonde. Nimewaona watu wakifanya hivyo, na ni sawa na kupunguza mwendo wa gari kwa kukanyaga breki huku mguu mwingine ukiwa kwenye mafuta. Njia salama ni kupunguza msukumo kwa kiasi au kushusha volteji ya skrini, kisha kupanga mzigo upya kwa ajili ya mkondo huo mdogo, kwa kuwa vali inayokula kidogo huhitaji kuona omu nyingi zaidi.

Kwa sauti, DX-60B hutumia mtindo ambao wimbi lake huwa dogo mtu anaponyamaza na kupanda anapozungumza, kwa kuichezesha skrini. Mara ya kwanza nilipohamisha swichi kutoka Morse kwenda sauti nikaona mshale umelala chini, nikataka kuongeza mzigo. Usiguse. Mashine ilishapangwa ikiwa na nguvu zote kwenye Morse, na mshale utaruka wenyewe na silabi. Ukipanga mzigo ukiwa kimya, utakuwa umeupanga kwa ajili ya ukimya, na kilele cha sauti yako kitakatwa.

Kipimo cha mwisho ninachokipenda ni kuutazama mkondo wa gridi wakati napita bondeni. Mkondo wa anodi ukiwa chini kabisa, wa gridi unapaswa kuwa juu kabisa, na mita ya wati ionyeshe kilele mahali hapohapo. Yakitengana, vali inajirudishia sehemu ya nguvu yake kupitia kapasitansi ndogo iliyopo kati ya anodi na gridi, ambayo kwenye 6146 haifiki hata robo ya pikofaradi, lakini kwenye megahezi 28 inatosha kuleta vurugu. Kwenye megahezi 3.5 na 7 mashine yangu inakubaliana vizuri, na kwenye 14 inakubaliana. Kwenye 28 kilele cha wati kinatokea pembeni ya bonde, si ndani yake, kwa hiyo bendi hiyo siitumii hadi nitakapoifungua tena. Kwa bendi nyingine nimebandika ukanda wa karatasi chini ya kila nobu wenye alama za penseli, na kwa fuwele ya megahezi 7.1 natoka kubonyeza kitufe hadi kufika bondeni kwa sekunde mbili.